Waraka kwa Mkurugenzi wa Medicaid, kutoka kwa Mke Aliyebaki Nyumbani

Kwako Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako, maana simu ya ofisi yako huita hadi ikakatika yenyewe, na kwetu Tanga mtu asipopokea simu kwa muda mrefu watu huanza kuulizana kama yuko salama. Ama baada ya salamu, niwie radhi kwa kukuandikia kwa Kiswahili. Kila barua inayotoka kwako huja na karatasi ya nyongeza yenye maandishi madogo, inayoniahidi mkalimani bila malipo. Nimeona safari hii umtumie wewe.

Nakuandikia kuhusu mume wangu. Alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, hospitali ikamtibu kisha ikamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa jimboni kwako. Kwa kuwa waraka huu ni wa wazi, na utasomwa na Waswahili wenzangu walioko Marekani ambao bado hawajapata bahati ya kukutana nawe, nitaeleza na yale unayoyajua fika. Nivumilie.

Mwanzoni tulilipiwa na Medicare, ile bima ya wazee ambayo mume wangu aliichangia kwa makato ya mshahara miaka yote aliyobeba boksi nchini humu. Wengine husema wanabeba boksi kwa utani; yeye aliyabeba kweli, ghalani, mpaka magoti yakaisha. Siku 20 za mwanzo Medicare hulipa zote. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia, na mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50 kwa siku. Na hizo siku 100 hapewi kila mtu. Lazima awe alilazwa hospitalini siku tatu mfululizo, na awe bado anahitaji muuguzi au mtaalamu wa viungo. Akishaonekana anachohitaji ni kulishwa, kuogeshwa na kugeuzwa tu, Medicare inafunga pochi.

Hapo ndipo bei inapokuwa ya kwako na mwenzako. Utafiti wa Genworth na CareScout wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba bei ya kati ya kitanda katika chumba cha watu wawili, kwa Marekani nzima, ilikuwa dola 111,325 kwa mwaka. Mheshimiwa, kitanda hicho mimi nakijua. Kazi yangu ni kuosha wazee, kama tusemavyo huku, zamu ya usiku. Najua kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Najua kwamba kitambaa cha mashine ya kunyanyulia kikijikunja chini ya paja kinaacha alama nyekundu ambayo kesho yake familia itaulizia. Mshahara wangu wa mwaka mzima hautoshi kulipia kitanda ninachokitandika. Silalamiki, naeleza hesabu.

Sasa nikushukuru, maana mgeni asiye na shukrani hana adabu. Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria ya Medicare na Medicaid mwaka 1965, kule Independence, Missouri, Medicaid ilikusudiwa kuwatibu maskini, na ikaishia pia kuwa mlipaji mkubwa wa nyumba za wazee. Kwa miaka zaidi ya 20 ilikuwa hivi: mzee akilazwa, pensheni yenye jina lake inakwenda kwenye nyumba ya wazee, na mkewe ambaye maisha yake yote alilea watoto, asiye na hundi yenye jina lake, anabaki akitazama jiko. Mwaka 1988 Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya bima ya wazee, Rais Ronald Reagan akaitia saini. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kumlinda mume au mke anayebaki nyumbani asifukarishwe na ugonjwa wa mwenzake. Wazee wenye uwezo walikasirishwa na kodi iliyokuja na sheria hiyo. Agosti 1989 walimzingira mbunge Dan Rostenkowski mjini Chicago, wakalizuia gari lake, akatoka mbio kwa miguu. Kabla mwaka haujaisha, karibu sheria yote ikafutwa. Kifungu cha wanandoa kikasalia. Kwa hiyo mimi naishi ndani ya mabaki ya sheria iliyobomolewa, na nakiri kwamba paa halivuji sana.

Kinachonishangaza ni jinsi ofisi yako inavyokitunza kifungu hicho, kama siri ya familia. Nilipofika kaunta mara ya kwanza niliambiwa kwa upole, tena na mtu mwenye tabasamu zuri, nitumie akiba yetu kulipia nyumba ya wazee, nirudi tukibakiwa na dola 2,000. Akiba yetu ya pamoja ilikuwa dola 48,000. Sikuambiwa kwamba zile dola 2,000 ni za mgonjwa peke yake. Sikuambiwa kwamba mwenza aliyebaki nyumbani naye ana fungu lake, ambalo kwa mwaka 2025 sheria ya serikali kuu iliruhusu liwe kati ya dola 31,584 na 157,920, kutegemea jimbo na mali iliyopo. Yako majimbo yanayomwachia mwenza akiba yote hadi kufikia kile kiwango cha juu. Jimbo lako, kwa busara zake, limechagua nusu kwa nusu, lakini hata nusu yetu ya dola 24,000 ilikuwa chini ya kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo stahiki yangu ilikuwa dola 31,584. Yaani tulichotakiwa kutumia ni dola 14,416. Kati ya hesabu ya kaunta na hesabu ya sheria kulikuwa na pengo la kulisha nyumba, na pengo hilo lilizibwa na mfanyakazi mwenzangu Mkenya aliyekwisha kuyapitia haya, tukiwa kwenye chumba cha mapumziko, saa tisa usiku.

Ni yeye pia aliyeniambia kwamba hata hizo 14,416 si lazima zote ziende kwenye nyumba ya wazee. Mtu anaweza kutengeneza paa, kubadilisha tangi la maji moto, kulipa madeni, hata kulipia maziko mapema. Nilipokuja kuuliza hilo la maziko, ofisa wako alinishauri kwa nia njema kabisa nichague jeneza zuri. Nilimshukuru. Sisi tunazikwa kwa sanda, na sanda ni kitambaa cha bei ndogo. Ila sikutaka kumharibia siku.

Tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Sheria inakupa ruhusa ya kupekua miezi 60 ya nyuma. Zamani ilikuwa miezi 36. Sheria aliyoitia saini Rais George W. Bush Februari 2006 ikaiongeza. Chochote alichokitoa mume au mke katika muda huo bila kupokea kitu chenye thamani hiyohiyo kinahesabiwa kuwa mlikitoa ili mjifanye maskini, mpaka muonyeshe vinginevyo. Jumla yake inagawanywa kwa bei ya wastani ya mwezi mmoja wa nyumba ya wazee, na jibu linakuwa ni muda ambao Medicaid haitalipa. Tena adhabu haianzi siku ulipotoa pesa. Inaanza pale mgonjwa alipokwisha kulazwa, akiba imekwisha, na kilichokosekana ni Medicaid tu. Aliyebuni utaratibu huo lazima ni mtu wa hesabu; wa huruma angeona kwamba adhabu inamkuta mtu siku ambayo hana cha kulipia.

Binti uliyetupangia, mpole kwelikweli, alizipitia taarifa zetu za benki akiwa na kalamu ya njano. Kila mwezi palikuwa na dola 300 kwenda Tanzania. Miezi 60 mara dola 300 ni dola 18,000. Kama bei ya wastani ya mwezi ni, tuseme, dola 10,000, hiyo ni karibu miezi miwili bila malipo. Akauliza huyu mama tunayemtumia ni nani. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Akauliza, kama fomu inavyomtaka aulize, mama huyo alitupa nini badala ya pesa hizo.

Nikamjibu kwamba alinipa mume.

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Mpaka leo natamani kujua alikiingiza kwenye kisanduku kipi.

Mheshimiwa, nimeisoma sheria ile ya kuwalinda wanandoa kuliko nilivyopata kusoma kitu chochote tangu nimalize shule. Ina kipengele kinachotaka wazazi na ndugu wanaotegemea familia wapewe posho kutoka kwenye kipato cha mgonjwa. Nilipokiona nilifurahi, nikadhani Bunge la Marekani limepata kufika uswahilini. Nikaendelea kusoma. Mzazi huyo lazima awe anaishi na mwenza aliyebaki nyumbani. Mama mkwe wangu angekuwa analala kwenye chumba chetu cha chini ya nyumba, angekuwa tegemezi mwenye posho yake kisheria. Kwa kuwa yuko Tanga, na viza aliyoomba alinyimwa, pesa yake ya dawa za presha inatazamwa kama njama ya kuiibia serikali. Sijui ni mpango gani wa wizi unaochukua miaka mingi hivyo, kwa dola 300, huku mwizi akiondoka nyumbani usiku kwenda kazini.

Na si mama peke yake. Kuna ada ya mtoto wa marehemu kaka wa mume wangu. Kuna michango ya misiba, ambayo huku ughaibuni hutangazwa kwenye WhatsApp saa hiyohiyo mtu anapokata roho, na asiyechanga jina lake halitajwi, lakini kila mtu anajua. Kuna zamu zetu za upatu. Upatu ndio ulioleta kizaazaa, maana mwezi wa kupokea unaonekana tajiri na miezi mingine yote unaonekana mfadhili. Tulileta daftari la upatu, stakabadhi za M-Pesa na Western Union, vyeti vya hospitali vya mama, na barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Muhuri ule ulipokelewa kwa heshima kubwa. Mwisho ofisi yako ikakubali kwamba hatukutoa pesa hizo kwa ajili ya kujistahilisha, na adhabu haikuwekwa. Nashukuru. Kanuni za serikali kuu zinataka ombi kama letu lijibiwe ndani ya siku 45. Tuliopo huku tunajua saa za Kiswahili zina tofauti ya saa sita na saa za wengine, lakini kalenda tulidhani ni moja.

Kuhusu kiwanja chetu cha Tanzania nitasema kidogo, maana jambo hilo linawagusa wengi. Mume wangu alichukua uraia wa Marekani, na Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na wakati ule asiye raia hakumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo kiwanja alichokinunua kiliandikwa jina la dada yake, kama wafanyavyo wengi. Kwa ofisi yako hilo lina sura mbili, zote mbaya: ama ni mali iliyofichwa, ama ni zawadi. Kwa wifi yangu lina sura moja tu: ni chake. Hapo, Mheshimiwa, mimi na wewe tuko upande mmoja.

Kisha ikaja siku ya mwanasheria. Alitupa nusu saa ya bure, akasikiliza, akapiga hesabu, halafu akaniuliza kama tumefikiria kuachana. Talaka ya karatasi tu, akasema, mtaendelea kupendana. Simlaumu. Nimekuja kujua kwamba ushauri huo hutolewa kwa watu wengi humu nchini, wa dini zote, na yako majimbo ambamo unasaidia. Lakini sisi tumelelewa kwamba talaka haina mzaha, neno likitamkwa limetamkwa. Nikamwazia mzee wangu, ulimi bado mzito, anafundishwa na mwanasheria namna ya kunitaliki kwa Kiingereza. Tumeoana kabla mwanasheria huyo hajazaliwa. Nikaaga. Ila nakuuliza wewe: sheria iliyotungwa kuwalinda wanandoa imefikaje mahali ambapo mtaalamu wake, akitaka kumsaidia mke, kitu cha kwanza anachomshauri ni kuachika?

Hatimaye Medicaid ikamkubali. Nikadhani yameisha. Ikaja barua ya kusema mume wangu atachangia kiasi gani kila mwezi kutoka kwenye pensheni yake ya Social Security, ambayo ni dola 1,900. Barua ilisema dola 1,870 ziende kwenye nyumba ya wazee na dola 30 abaki nazo yeye. Mimi sikutajwa. Ilikuwa barua safi, imepangwa vizuri, haina kosa hata moja la tahajia.

Kosa lilikuwa kwenye pesa. Sheria inasema mshahara wangu ni wangu, hauguswi kulipia kitanda chake. Na inasema mwenza aliyebaki nyumbani akiwa na kipato kilicho chini ya kiwango fulani, anajaziwa kutoka kwenye kipato cha mgonjwa kabla nyumba ya wazee haijapata chake. Kuanzia Julai 1, 2025 kiwango hicho cha chini kilikuwa dola 2,643.75 kwa mwezi, na mwenye kodi ya pango au mkopo mzito wa nyumba anaweza kuongezewa. Kwa mwaka huo ukomo ulikuwa dola 3,948. Sisi mkopo tulikwisha kuumaliza, kwa hiyo nilibaki na hesabu ya msingi. Tangu mgongo uanze kunisumbua nafanya zamu chache, napata dola 1,800 kwa mwezi kabla ya makato. Zinazopungua ni dola 843.75. Hizo zilikuwa zangu. Nyumba ya wazee ilistahili dola 1,026.25.

Nilikata rufaa. Kwenye kikao niliweka karatasi moja tu, ile hesabu uliyoisoma hapo juu, nimeiandika kwa mkono. Mwamuzi aliweka sawa miwani yake, akamtazama mwakilishi wako, naye akasema ofisi haina pingamizi. Haikuchukua muda wa kupoza chai. Dola 843.75 kila mwezi, kwa mjane ambaye mumewe bado yu hai, ni umeme, kodi ya majengo, bima ya gari na sehemu ya chakula. Nikiwa natoka nilijiuliza ni wanawake wangapi wamepokea barua safi kama ile, wakaikunja, wakaanza kuuza vitu.

Kuhusu zile dola 30 sitasema mengi. Ni kiwango cha chini cha serikali kuu kwa matumizi binafsi ya mgonjwa, kimekaa hapo tangu miaka ya 1980, na majimbo mengine yameona haya yakaongeza. Lako bado. Kinyozi anayekuja nyumba ya wazee anachukua zaidi ya nusu. Zilizobaki mume wangu anaziweka kwenye simu ili aongee na mamaye. Tangawizi ya chai nanunua mimi, usitie shaka.

Na nyumba yetu ninayoishi, nashukuru kwamba hamuigusi nikiwa hai. Sheria ya mwaka 1993 inayalazimisha majimbo kudai marejesho kutoka kwenye urithi wa mgonjwa, lakini inawataka msubiri mwenza aliyebaki afe kwanza. Nimeipokea barua yenu inayonikumbusha hilo. Ilikuja wiki ya Idi. Nawaombea subira.

Haja zangu si kubwa. Sheria inasema mume au mke akiomba, jimbo lifanye tathmini ya mali zao mwanzoni kabisa mwa kulazwa. Tafadhali, fomu ya kuomba tathmini hiyo iwekwe kwenye bahasha ambayo familia hupewa siku mgonjwa anapoingia nyumba ya wazee, pamoja na karatasi moja inayotaja viwango vya mwaka huo kwa tarakimu. Barua ya mchango wa mwezi ionyeshe mstari wa mwenza, hata kama ni sufuri, ili mtu ajue kuna mstari. Na wafundishe maofisa wako kwamba anayemtumia mamaye pesa kila mwezi kwa miaka mingi hajaanza jana kujifanya maskini. Waukubali ushahidi wa M-Pesa kabla ya muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Nakala ya waraka huu naipeleka kwa Waswahili wote wa Minneapolis, Columbus, Houston na kwingineko. Ndugu zangu, mwenzio akilazwa omba tathmini kwa maandishi mwezi uleule, na baki na nakala. Tunza stakabadhi zote za pesa unazotuma nyumbani kwa miaka mitano, na andika za nini. Ukipata barua ya mchango, tafuta jina lako ndani yake. Usipoliona, kata rufaa. Muda wa kukata umeandikwa nyuma ya barua hiyohiyo, na haungoji.

Wako katika ujenzi wa jimbo,
Mke wa mgonjwa, mwosha wazee, mlipakodi